Kinjeketile asisomwe peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wenzangu wa Fasihi: tunapofundisha tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), tusiwaachie wanafunzi vijitabu vya uchambuzi tu. Tuwasomee na maneno ya wazee wa Umatumbi, huko Kilwa.

Maneno hayo yapo. Miaka ya 1960 watafiti wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa dhidi ya Wajerumani. Mzee mmoja anaeleza kilimo cha pamba cha kulazimishwa huko Samanga. Kila kijiji kina siku zake, kila kaya inatoa mtu. Ukimaliza Samanga, zamu ya shamba la jumbe, mkuu wa kijiji, inakungoja. Ukishainama kulima hakuna kuinuka, na viboko ni vya mgongo na makalio. Mume akitoroka, anachukuliwa mkewe. Mwanafunzi aliyesikia hayo, akirudi kwa wale wanawake wa onyesho la kwanza la tamthilia, hana haja ya kukaririshwa dhamira ya unyonyaji.

Kuna na suala la tarehe, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Kinjeketile Ngwale wa kweli, aliyewapa watu maji ya dawa ya kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Mauaji ya Mahenge, watu walipomiminiwa risasi za rashasha, yalikuja tarehe 30 mwezi huohuo. Lakini Kinjeketile wa Hussein anaishi hadi anashuhudia watu wake wakishindwa. Yumo kifungoni, anatakiwa atamke kwamba maji ni uongo, anakataa. Hussein mwenyewe ameeleza kuwa huyu ni Kinjeketile wa kubuni. Kwa nini basi amemwongezea maisha? Swali hilo linaweza kumaliza vipindi viwili darasani, na asiyejua tarehe hawezi hata kuliuliza.

Mwenye muda aongeze beti chache za Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga Mjerumani angali anatawala. Yeye haangalii vita hivyo kwa jicho la Hussein.

Kikwazo ni kwamba mahojiano yale yamechapishwa zaidi kwa Kiingereza, na nakala si rahisi kupatikana. Wazee wetu hawakusimulia kwa Kiingereza! Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania ishirikiane na TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kutoa kijitabu chembamba cha Kiswahili chenye simulizi hizo, cha bei ambayo mzazi wa Kilwa au Songea ataimudu, kiuzwe pamoja na tamthilia.

Mwalimu wa Fasihi,
Lindi