Kwa nini safari yetu ya Trichy ni siku mbili na siyo kwenda na kurudi

Wateja wetu wengi hapa Chennai, India, ni watu waliosindikiza wagonjwa, mzee kashafanyiwa operesheni, daktari kasema mrudi baada ya siku kumi kwa cheki-apu, sasa hizo siku zote mtu amekaa chumba cha kupanga anaangalia feni inavyozunguka. Hapo ndo tunapata meseji, "jamani si mtupeleke Trichy tukaone hayo mahekalu, tunatoka asubuhi jioni tuko hapa". Tunakataa, na wengine wanahisi tunataka kuwalia hela ya lodge tu, kwa hiyo ngoja tueleze.

Trichy, jina zima Tiruchirappalli, iko kama kilomita 320 kutoka Chennai, pembeni ya mto Kaveri. Ukitoka na gari saa 11 alfajiri unaingia mjini kwenye saa 5 asubuhi, foleni ikikubana ndo zaidi. Sasa mahekalu mengi ya jimbo hili la Tamil Nadu yanafungwa mchana, kuanzia saa 6 au saa 7 mpaka kwenye saa 10 jioni (saa zetu hizi, kwenye ratiba zao utaona 16:00), yaani umesafiri nusu siku uje uangalie mlango umefungwa, halafu ukifunguliwa dereva anakwambia tuondoke giza linaingia.

Ndo maana tunatumia treni ya usiku. Rockfort Express inatoka stesheni ya Egmore usiku, unalala ndani, alfajiri uko Trichy, unaoga, unakunywa kahawa yao ya maziwa ile ya povu, na jua halijawa kali tayari uko Srirangam.

Srirangam ni kisiwa, Kaveri unapita upande mmoja na mto Kollidam upande wa pili, na hekalu la Sri Ranganathaswamy, yaani Ranganatha, jina la mungu wao Vishnu, limechukua eneo la ekari 156. Lina kuta saba, moja ndani ya nyingine, na kwenye zile za nje watu wanaishi kabisa, maduka, migahawa, pikipiki zinakupigia honi, mgeni anatuuliza "hekalu liko wapi" na kumbe kashaingia zamani. Mnara wa mbele, gopuramu ndo wanavyoita, una urefu wa mita 72 hivi, ulianzwa karne nyingi nyuma ukaachwa kiporo, ukaja kumaliziwa 1987. Lakini sisi tunachopenda zaidi ni ile kumbi ya farasi, nguzo zimechongwa farasi wamesimama kwa miguu ya nyuma, juu kuna wapanda farasi wana mikuki, chini ya kwato kuna wanyama na watu wanapambana, na vyote hivyo ni jiwe. Simama hapo taratibu, usikimbilie picha.

Kitu kingine, kuna sehemu ya Thulukka Nachiyar. Hekaya yao inasema binti wa sultani wa Delhi, Mwislamu, aliipenda ile sanamu ya Ranganatha iliyokuwa imechukuliwa vitani, ilivyorudishwa Srirangam akaifuata huku huku. Mpaka leo wanamkumbuka humo ndani, na kwenye sadaka za chakula kuna chapati, wakati huku kusini chakula chao ni wali. Hiyo stori wateja wetu wa pwani wanaipenda kuliko minara yote.

Sasa tuwe wakweli, kama wewe si Mhindu chumba cha ndani kabisa hauingii. Mpaka huwa ni nguzo ya bendera, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Madras, kwenye kesi ya hekalu la Palani, iliagiza yawekwe mabango ya kuzuia hapo. Usibishane na mlinzi, yeye ni kazi yake, na pale pa nje penyewe hutapamaliza. Viatu unaacha kaunta, beba soksi maana mwezi wa nne na wa tano jiwe linaunguza nyayo kweli kweli. Wanaume kaptula hapana, msuli uliokuja nao unatosha, wao wenyewe wanavaa veshti, kitambaa cha kufunga kiunoni, karibu sawasawa na huo.

Kabla ya mchana tunasogea hekalu la Jambukeswarar, mtaa wa Thiruvanaikaval, bajaji dakika chache tu. Hapa mungu wao Shiva anaabudiwa kwa umbo la maji, chini ya lingamu, lile jiwe linalomwakilisha, kuna chemchemi. Adhuhuri kuhani anavaa sari kama mungu wao wa kike Akilandeswari, anaenda kufanya ibada kwa Shiva, na baada ya hapo ndo milango inafungwa. Anayekuja kwa gari kutoka Chennai asubuhi, ibada hii ni rahisi kuikosa.

Mchana mnakula wali kwenye jani la mgomba, mnalala. Wakatoliki tunawapeleka kanisa la Lourdes, lile lenye mnara mrefu chini ya jabali la Rockfort, jirani na St. Joseph's College aliposoma fizikia Abdul Kalam aliyekuja kuwa rais wa India. Waislamu wengi wanaomba dargah, yaani kaburi la walii, ya Nathar Vali, nayo iko humo humo mjini.

Jua likipoa ndo tunapanda Rockfort, jabali la mita 83 katikati ya mji, ngazi zaidi ya 400, nyingi zimechongwa ndani ya mwamba, na kuna pango la Wapallava, watawala wa zamani wa huku, la karne ya 7. Juu kabisa ni hekalu la Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, unaona mto wote na minara ya Srirangam. Mgonjwa mwenye mshono au goti bovu abaki chini, hilo hatujadiliani.

Siku ya pili ni Kallanai, bwawa la mawe alilojenga mfalme Karikala wa Wachola kama miaka 1,800 iliyopita, limekarabatiwa mara kadhaa na hadi leo linagawa maji ya mashamba. Ila miezi ya kiangazi Kaveri unaweza kukuta mchanga mtupu, maji ya bwawa la Mettur, kwenye mto huohuo, kwa kawaida yanafunguliwa tarehe 12 Juni. Anayetaka kuona mto umejaa aje Agosti, wakati wa sikukuu ya Aadi Perukku, akina mama wanajaa Amma Mandapam, zile ngazi za kushukia mtoni pale Srirangam, kuushukuru mto.

Tutumieni tarehe ya cheki-apu tukate tiketi mapema, mabehewa ya kulala yenye AC yanajaa haraka, na paspoti mje nazo zenyewe siyo kopi, maana lodge zinatakiwa kuwaandikisha wageni wote wa nje.