Mwanangu, usinifiche

Mwanangu,

Nimesikia kwa mkeo kwamba jina lako limo kwenye kikosi cha kulinda amani kinachokwenda Beni, huko Kongo. Sikusikia kwako. Nimeamua kuandika, maana kwenye simu ungecheka, ungeniambia "Mama, tulia", kisha ungeanza kuniuliza habari za kahawa.

Sikuzuii. Siku ulipohitimu mafunzo nilisimama pale uwanjani na miguu ikawa haina nguvu kwa furaha, nawe hukujua kwa sababu nilikusalimu kawaida tu. Jeshi ulilitaka mwenyewe na umelitumikia vizuri. Lakini kunificha, hapana.

Habari za mjomba wako unazijua, sizirudii. Jambo moja tu huenda hukulipa uzito. Aprili 1979, kwenye vita vya Idi Amin, redio ilipotangaza kuwa Kampala imetekwa, watu wa hapa walitoka barabarani kucheza ngoma, na bibi yako alicheza nao. Wakati huo mwanawe alikuwa ameshakufa huko mbele ya Masaka, akiwa na miaka ishirini, na hapa nyumbani hakuna aliyejua. Taarifa alikuja nayo mgambo mwenzake aliyerudi. Bibi yako alizika msiba ule kwa imani yake, lakini ile ngoma hakujisamehe hata alipokuwa kitandani anakufa. Ndiyo maana nakusumbua.

Halafu ikaja Semuliki, hukohuko Beni unakokwenda. Ilikuwa Desemba 7, 2017, kambi ya vijana wetu ikashambuliwa jioni na mapigano yakaendelea usiku. Kwanza tulitangaziwa waliokufa ni 14. Baadaye wakawa 15, na mmoja hakujulikana alipo. Watu walikuwa wanazitaja namba hizo kwenye daladala kama habari nyingine yoyote. Mimi nilikuwa namfikiria mama wa yule ambaye hakujulikana alipo. Huyo alie vipi? Aweke matanga au asiweke?

Kwa hiyo nisikilize. Pale mnapojaza jina la ndugu wa kupewa taarifa, andika la mkeo, na chini yake andika langu, na namba yangu mpya, si ile ya zamani. Ukihamishwa kituo, niambie. Ukiumwa, niambie, hata kama ni homa tu. Najua utanijibu kwamba baba yako alipolazwa nilikuambia ni malaria. Ulikuwa kwenye kozi na sikutaka uiache. Ulifika akiwa hawezi tena kusema. Basi wewe unajua uchungu wa kufichwa, usinipe mimi.

Huko usiwe wa kwanza kujitolea kwa kila jambo kwa sababu tu wenzako wanakutazama. Mkubwa wako akikuamuru, tii. Wenyeji wasalimu kwa heshima, Kiswahili mnaelewana. Sala usiache.

Ile Julai 25 ya mwaka 2013, Rais Kikwete alipokuja Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita ile, kuadhimisha Siku ya Mashujaa, vijana wetu saba wa kulinda amani walikuwa wameuawa Darfur, Sudan, siku 12 tu kabla. Wewe ulikuwa bado shule. Niliiangalia safu ya makaburi, nikamtafuta mjomba wako kwa macho, na nikaomba watoto wangu wasijaze nafasi yoyote pale. Wewe ukaja kuchagua jeshi hilohilo. Najivunia, lakini usidhani nililala usiku uliponiambia.

Kibanja cha mjomba wako, kile bibi alichokataa kisigawanywe, mnyauko umeingia upande wa chini. Nimewaambia vijana waing'oe migomba yote iliyougua na kuizika, na panga walichome moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kibanja hicho ni chako, nilishasema mbele ya baba zako wadogo, kwa hiyo ukirudi ukute nimepanda tena. Bati la jikoni linavuja palepale. Fedha ya fundi usitume mwezi huu, mwachie mkeo, ada ya watoto inakaribia na yeye hawezi kukuambia.

Mwambie aje nao likizo, nyumba ni kubwa mno kwangu peke yangu. Na kabla hamjapanda ndege nipigie, hata iwe saa nane ya usiku. Simu nitalala nayo.

Mama yako