Chumvi na siki havishikishi rangi kwenye pamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaowafundisha wasanii wa nguo kwamba ukitia chumvi na siki, rangi ya maganda na magome haichuji. Kwa pamba, si kweli. Siki inafaa sufu na hariri. Chumvi ni ya rangi za dukani.

Wasanii wengi hupenda marekani ya kiwandani, kitambaa cha pamba cha aina iliyofumwa kwenye viwanda kama Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Tatizo huanzia kwenye mashine. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, hupakwa wanga kabla ya kufumwa, la sivyo zingekatika ovyo kwa msuguano. Usipouondoa, rangi hushika wanga badala ya uzi: kitambaa hutoka na mabaka, na ukikifua, wanga huondoka na rangi yake.

Kipimo ni tone la ayodini ya kupaka vidonda, kwenye upindo utakaokatwa. Likigeuka bluu ya kukaribia weusi, wanga upo. Loweka usiku kucha, kisha kwa kilo moja ya kitambaa kikavu chemsha saa moja na nusu kwa sabuni na gramu 20 za magadi soda (si kostiki!). Maji yakiwa na rangi ya chai, mwaga, rudia.

Sasa chemsha gramu 200 za maganda makavu ya komamanga, chuja, loweka kitambaa humo saa chache. Pamba haishiki shabu, ile ya kusafishia maji, vizuri bila maji hayo makali ya maganda. Shabu iwe gramu 150, iyeyushwe kwa maji ya moto. Ongeza magadi soda gramu 20 kidogo kidogo, maana povu hufurika. Tia kitambaa humo, acha hadi asubuhi, suuza kidogo.

Maganda ya vitunguu gramu 500 yatakupa dhahabu nzito. Moto uwe mdogo, saa moja, kitambaa kikiwa ndani, na ukigeuze bila kuchoka: penye mkunjo hubaki peupe.

Manjano ya jikoni hushika upesi na kupauka upesi vilevile. Anayeuza picha ya kitambaa iliyotiwa manjano amwambie mnunuzi aitundike mbali na dirisha.

Msomaji,
Dar es Salaam