Umeshakula: barua kwa mwanangu

Jersey City, Novemba 2025

Mwanangu,

Jumatano iliyopita uliingia saa tatu usiku na baridi yako mwilini, ukavua viatu, ukasema, "Mama, nimeshakula." Nilikuwa nimekuwekea wali na mchuzi wa samaki, nimeufunika kwa kawa. Nikakujibu "haya", nikaingia chumbani kuvaa nguo za kazi, nikatoka. Njia nzima ya kwenda zamuni neno lile lilinikaa kooni. Ndiyo maana naandika. Mimi na wewe tukilianza jambo hili kwa mdomo tunaishia kulia au kununiana, na barua humwacha mtu aseme mpaka mwisho.

Mimi nimelelewa Kibokoni, Mombasa. Kule mtoto akirudi ameshiba, mama yake lazima aulize kala kwa nani, na kesho asubuhi ataenda kushukuru. Mimi sikuuliza. Tangu masika nilikuwa nakasirika kila Jumatano, nikijiambia hasira hii ni ya dini, au ni ya watu watasemaje. Sasa najua ulikuwa wivu. Kuna mahali ng'ambo ya mto ambapo mwanangu anapewa chakula cha moto, anaulizwa amelalaje, naye anajibu. Mimi nikikuuliza hunijibu. Na hunijibu kwa sababu nilikufundisha mwenyewe usinijibu.

Nakumbuka hata siku niliyokufundisha. Ilikuwa Ijumaa ya Ramadhani, tarehe 24 Mei 2019. Siku ile Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imetoa hukumu juu ya vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai ya Kenya, vile vinavyokataza mapenzi ya jinsia moja. Walioshtaki waliomba viondolewe, majaji watatu wakasema vibaki, na kile kifungo cha miaka 14 kikabaki pale pale. Mjomba wako akanipigia kunipa habari. Nilikuwa nakaanga sambusa za futari, simu nimeibana begani, nikasema kwa sauti, "Alhamdulillahi." Wewe ulikuwa mezani, nyuma yangu, unafanya hesabu zako. Ulikuwa na miaka 11. Sikugeuka kukutazama. Mwaka huu uliponiambia kwamba siku ile ulikuwa tayari unajijua, nilikaa chini. Nimemshukuru Mungu kwa mengi maishani, lakini shukrani ile moja naitubia kila nikiweka kipaji changu chini.

Halafu ukaja usiku wa Januari. Niliyoyasema mlangoni sitayaandika, unayajua. Nilikwambia ukatafute pa kulala, nami niliamini utazunguka mtaa dakika kumi urudi. Nilikupigia mara 19. Kumbe ulikuwa Journal Square, kwenye benchi la stesheni ya PATH, kwa sababu treni zile hazilali na hakuna atakayekuuliza unangoja nini. Ulipiga 988, nambari ya kuwasaidia wanaofikiria kujiua, ukabonyeza 3, ile nafasi waliyowawekea vijana kama wewe, na mtu usiyemjua akazungumza nawe mpaka ukapata nguvu ya kunyanyuka. Hilo ulinieleza baadaye sana, tena kwa kulitaja tu, kama mtu anayesema alinunua mkate. Tarehe 17 Julai mwaka huu serikali iliifunga ile nafasi ya 3. Nambari yenyewe ya 988 bado ipo, ila mlango ule wenu umefungwa. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kazini, kando ya kitanda cha bibi ninayemtunza, nikatetemeka mikono hata nikashindwa kumpa dawa kwa wakati wake. Nilikuwa nafikiria mtoto wa mwanamke mwingine, benchi lingine, Januari ijayo.

Ndiyo maana nataka uelewe kwamba sina ugomvi tena na Astor Place, kule New York unakokwenda kila wiki.

Mwalimu wako wa nasaha shuleni alipokupa anwani ya Hetrick-Martin Institute, kile kituo cha vijana kama wewe pale Astor Place, mwezi wa Machi, nilidhani ni mahali pa kukufundisha kuwa hivyo. Nisamehe, ndivyo nilivyodhani. Nikasoma. Nikasoma usiku kucha, unavyonijua nikishika kitu. Nikakuta kwamba kilianza mwaka 1979 kwa ajili ya mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akiishi kwenye makao ya vijana hapo New York. Alipigwa, kisha yeye aliyepigwa ndiye akafukuzwa, kwa vile alivyokuwa. Habari ikawafikia watu wawili, Emery Hetrick, daktari wa magonjwa ya akili, na mwenziwe wa maisha Damien Martin, mwalimu wa chuo kikuu, nao wakakusanya watu wengine walioona kwamba hili haliwezi kuachwa lipite. Hapo nikaizima simu. Mvulana wa miaka 15 katolewa nje kwa vile alivyo. Nilikuwa nimejifunika blanketi sebuleni, na wewe umelala chumba cha pili, na mimi ndiye niliyekuwa nimekutoa.

Kuna siku nilikufuata, na sijakwambia. Ilikuwa Aprili. Nilipanda behewa la nyuma yako, nikashuka 9th Street, nikakuandama barabara ya 8 mpaka pale penye mchemraba mkubwa mweusi wa chuma uliosimama kwa pembe moja. Ukapita, ukaupiga kofi dogo kama mtu anayemsalimu ng'ombe wake, ukaingia ndani ya jengo. Sikukufuata ndani. Nilikaa pale nje karibu saa mbili na nusu nikiwatazama wanaoingia na kutoka. Nilikuwa nimejiandaa kuona watu wa kutisha. Niliona watoto wenye mabegi ya shule. Msichana mmoja alikuwa na koti jembamba mno kwa baridi ile, na alipotoka alikuwa amevaa jingine, zito, linalomzidi kidogo mikono. Wewe ndiye uliyenieleza baadaye kwamba wana stoo ya nguo, soksi, sabuni, na kwamba wapo vijana wanaooga na kufulia pale kwa sababu hawana pengine. Kati ya watoto wale wangapi walisikia maneno ya mlangoni kama yale yangu? Nilirudi Jersey City kabla hujatoka. Nikapika. Ukaja, ukasema umeshakula.

Sasa nizungumzie wiki yako, maana nimeijua kwa heri na si kwa kuchungulia.

Jumanne yako na mshauri usiikatize kwa ajili yangu, hata nikiwa na zamu mbili. Mwanzoni kilichoniuma zaidi ni kwamba hasemi unachomwambia. Nilimwona ana kwa ana ile mara uliyokubali nije, nikamwuliza, "Mwanangu anakwambia nini?" Akanijibu kwa upole kwamba mazungumzo yenu ni yenu, isipokuwa kama maisha yako yamo hatarini. Nilitoka nimenuna. Lakini mimi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na siri za wale wazee nimezibeba miaka yote bila hata mtoto wao mmoja kuzijua kutoka kwangu. Mbona wewe nisikupe heshima ninayompa mgonjwa?

Siku ile ile aliniambia jambo moja la hesabu ambalo silitoi kichwani. Shirika la Trevor Project lilitoa ripoti mwaka 2019: kijana kama wewe akiwa na mtu mzima hata mmoja anayemkubali, uwezekano wa kuwa amejaribu kujiua katika mwaka uliopita unakuwa pungufu kwa asilimia 40. Mtu mzima mmoja. Hakusema lazima awe mama. Nilipokuwa nashuka ngazi nikawa najiuliza, katika nyumba yetu ya watu wawili, huyo mmoja alikuwa nani?

Kuchora kwa Jumatano nakuombea kila heri, na zile rangi zilizomwagika kwenye zulia nimeshazizoea. Lile duara mnalokaa kwanza, kila mtu akitaja jina lake na namna anavyotaka kuitwa, lilinichekesha uliponieleza, na ukakasirika. Sikuwa nawadharau wenzako. Nilikuwa namkumbuka nyanyako. Yeye akisema "kaja, kala, kalala", huwezi kujua anamsimulia mume au mke mpaka uulize. Rafiki yako yule ambaye Kiingereza kinamsumbua kwenye jambo hili, mwambie kwetu atakuwa yeye, basi, na hatasahihisha mtu.

Alhamisi ni dansi, na hapa nina la kusema kwa sababu nina macho. Ile ya mikono, vogue, unayoifanyia mazoezi ukumbini ukidhani nimelala, ulinieleza imetoka kwa vijana weusi na Walatino wa Harlem, kwamba wana nyumba zao, na kila nyumba ina mama yake na baba yake, na mama huyo si lazima awe amemzaa mtu. Nilikataa kuelewa. Sasa naelewa kupita kiasi. Kule Mombasa wanawake wa zamani walikuwa na vyama vyao vya lelemama, wakishindana kwa nguo na mikono na vyeo, na aliyefiwa au kuachwa chama ndicho kilichomshika. Kwa hiyo mikono yako hainishangazi, mwanangu. Bega lako la kushoto liko juu kidogo. Lishushe.

Na kile mnachofundishwa cha kuvuta pumzi kwa kuhesabu nne, kuishika kwa nne, kuitoa kwa nne: nilikuona ukikifanya asubuhi ya mtihani wa kemia, umesimama mbele ya friji. Nimemfundisha yule bibi yangu wa kazini. Huamka usiku na hofu, hajui yuko wapi. Tunahesabu pamoja, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiitaliano, mpaka analala. Sijui kama pale Astor Place wanajua kazi yao imefika mpaka kitanda kile.

Kuna neno nataka kulisema kabla sijachoka. Mwaka jana kijana mmoja msikitini alikuita shoga, na ukarudi nyumbani hukula siku mbili, na mimi nikajifanya sijui kwa nini. Mimi neno hilo nililijua kabla halijawa jiwe la kumrushia mtu. Kwetu Kibokoni shoga ni rafiki wa mwanamke, yule wa kufa na kuzikana. "Shoga yangu, njoo." Mama yangu alikuwa na shoga yake, wakitumiana sahani za chakula kupitia dirishani zaidi ya miaka arubaini. Alipokufa, huyo shoga ndiye aliyekaa kichwani pake. Sikuambii hivi ili neno lisikuume, najua linauma na wanaolitumia wanajua. Nakwambia ili ujue kwamba kinywani mwa mama yako halijawahi kuwa tusi, na halitakuwa.

Nyanyako sijamwambia kitu. Mjomba wako pia. Hilo ni lako, utasema utakapotaka na kama utataka, na mpaka hapo mimi nimefunga mdomo. Safari ya Mombasa ya mwakani tutaipanga sote wawili mezani. Ukisema huendi, haendi mtu. Naogopa kule kwa ajili yako, na sitakudanganya kwamba siogopi. Dini yangu ninaishika vile vile, naswali vile vile, na dua ya kwanza ni yako. Zamani nilimwomba Mungu akubadilishe. Sasa namwomba akufikishe nyumbani salama na hiyo treni ya saa mbili na nusu. Maswali mengine bado ninayo, nayo nitamwuliza Yeye, sitakuuliza wewe wakati unakula.

Nimebadilisha zamu. Kuanzia mwezi ujao Jumatano silali kazini, kwa hiyo ukirudi nitakuwepo. Kula huko huko na wenzako, usije na njaa kwa kuniogopa. Mtoto anayekula peke yake na mtoto anayekula mezani na wenziwe hawashibi sawa. Mimi nitakuwekea chai tu.

Ila Jumapili naomba. Yule msichana wa koti, kama unamjua, na huyo rafiki yako wa duara, na yeyote mwingine usiyemwonea haya kuona nyumba yetu ilivyo ndogo, waje mchana. Nitapika mbaazi za nazi na mahamri, na biriani ya kuku. Niulizie nani hali nyama, na nani ana mzio wa karanga, uniandikie kwenye karatasi ya friji kabla ya Ijumaa ili nipitie dukani. Lile sufuria kubwa liko juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo za baridi, nami mgongo haunifikishi. Nishushie kabla hujaenda shule.

Mamako