Barua ya wazi kwa msimamizi wa nauli: Nashuka Tengeru, nalipia Arusha

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia tena. Barua mbili za kwanza nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikapigwa muhuri, na mpaka leo sijajibiwa. Hii naiweka hadharani.

Nauza mitumba ya watoto. Kila Jumatano na Jumamosi natoka Moshi kwenda gulio la Tengeru, mwaka wa saba huu. Nikimwambia konda ukweli kwamba nashuka Tengeru, hanitaki. "Arusha tu, mama, wa njiani subiri." Nasubiri mpaka jua linatoka na wenzangu wameshatandaza. Nikienda kwa vipande, Moshi mpaka Boma Ng'ombe ni 1,500, Boma mpaka Usa River 2,500, Usa mpaka Tengeru 600. Jumla 4,600, na belo limeshushwa na kupandishwa mara tatu, kila anayeligusa anataka chake. Tiketi ya Arusha ni 4,000. Basi wanawake wote wa gulioni tunasema "Arusha", kwa sababu safari ndefu imekuwa nafuu kuliko fupi.

Lakini hata hiyo nafuu si haki yangu. Nauli kikomo iliyoanza Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilometa kwa basi la kawaida. Moshi hadi Arusha ni kama kilometa 80, na Tengeru iko kama 13 kabla ya mji. Nimepiga hesabu kwenye simu ya mwanangu mara mbili: haifiki 3,300. Mia saba na zaidi inabaki kwenye gari kila ninaposhuka.

Nilivumilia, mheshimiwa. Jumamosi iliyopita ndiyo iliyonishinda.

Tulipofika Tengeru nikasema "shusha". Konda akasema buti halifunguliwi njiani, tiketi yangu ni ya Arusha, nikitaka afungue nitoe 2,000. Nikamwonyesha tiketi, nikamwambia nimelipa zaidi ya ninapokwenda, si pungufu. Akagonga bodi mara mbili, gari likaondoka. Kupitia dirishani nililiona turubai langu la bluu limefungwa kwenye mti wangu, na binti anayenishikia nafasi amesimama anapunga mkono. Nikapelekwa mjini na mzigo wangu. Kurudi nikapanda kifodi, yale mabasi madogo, nikalipia kiti changu na kiti cha belo. Saa tano nimefika, wanunuzi wa asubuhi wameshaondoka. Siku nzima niliuza magauni manne.

Nadhani chanzo ni hesabu ya tajiri mwenye basi. Konda amepangiwa fedha ya kupeleka jioni, na siti nikiiacha Tengeru haipati tena mtu wa nauli nzima. Hilo naweza kulielewa, maana na mimi nina mkopo wa kikundi kila Ijumaa. Ila mbona treni inaweza? Tangu iliporudi Moshi mwaka 2019 nimeipanda kutoka Dar es Salaam, na tiketi yangu iliandikwa nilipopandia na ninaposhukia, nikalipa ya hapo.

Mlipokuja stendi mwaka jana, mheshimiwa, ulisimama mbele yetu na wapiga debe ukasema bango la nauli za vituo vya katikati litabandikwa kabla ya Krismasi. Boma, KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa, Tengeru: ulivitaja vyote, tukapiga makofi. Fundi akapigilia misumari minne ukutani siku hiyo hiyo. Misumari ipo, imeshika kutu. Mtu mmoja ametundika mfuko wa machungwa.

Siombi ruzuku. Siombi konda afukuzwe, ana watoto kama mimi. Naomba bango lile. Naomba Tengeru iandikwe na bei yake, na tiketi ikatwe kwa jina la Tengeru, ili nikisema "shusha" buti lifunguliwe. Bango tu, mheshimiwa, na mtu wa kulisimamia hata wiki ya kwanza.

Jumatano nitakuwa stendi saa kumi na moja na nusu alfajiri na belo langu. Naomba kabla ya hapo mniambie nimtajie konda kituo gani.

Wako mtiifu,
Mama wa mitumba, Pasua, Moshi