Salamu za Krismasi kutoka Dodoma

Bwana Yesu asifiwe. Kwa niaba ya familia yangu, nawatakia ndugu, majirani na marafiki wote, mlio hapa na mlio mbali, heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye baraka tele. Mlio njiani kuja nyumbani, kwa basi au kwa treni ya SGR, Mungu awafikishe salama.

Mwaka ulikuwa mgumu, tusifichane. Mvua ilikatika mahindi yakiwa kwenye mbelewele, na pale sokoni Majengo mchele na mafuta ya kula havishikiki. Wapo watakaosherehekea kwa ugali wa uwele na mlenda, na sikukuu yao ni sikukuu kamili.

Kwetu, kaka mkubwa hayupo. Tulimzika kule Mvumi mwezi wa tatu. Juzi nilimkuta shemeji shambani anapanda mtama kwenye vumbi, juu hakuna hata wingu. Nikamwambia, "Shemeji, si ungoje mvua ya kwanza?" Akanijibu huku anafukia, "Naogopa, shemeji, usiku silali. Lakini mbegu zikibaki ndani zitaliwa." Akaendelea na mstari wake. Kaka, laiti ungemwona mkeo.

Tumezoea kumsifu mtu kwamba haogopi kitu. Sifa hiyo siielewi. Asiyeiona hatari ameshinda nini? Wazee walituhadithia Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Waliosalia huku kwetu Ugogo walikuwa na kila sababu ya kuiogopa ardhi hii. Walipanda tena, ndiyo maana leo tupo.

Hata usiku ule wa Bethlehemu ulianza kwa hofu. Wachungaji kondeni, asema Luka, "wakaingiwa na hofu kuu." Malaika hakuwaacha akatafute wengine wenye mioyo migumu. Habari njema aliwapa haohao waliokuwa wakitetemeka, nao wakaambiana, "Haya, na twendeni mpaka Bethlehemu." Wakaenda kwa haraka.

Basi, wapendwa, twende na sisi. Mama unayeogopa kwenda kupima, nenda. Kijana uliyefeli unayeogopa kurudia mtihani, jiandikishe. Baba unayemkwepa anayekudai, mfuate mkaongee. Usingoje moyo utulie kwanza, huenda usitulie. Mwambie Mungu waziwazi kwamba unaogopa, naye atakushika mkono ukiwa unatembea. Na sisi tunaowaona wenzetu wakitetemeka, tuache kuwacheka na kuwaita waoga. Tuwasindikize. Mtu akienda hospitali na jirani yake, safari inakuwa nyepesi. Mjane asiachwe peke yake na jembe wakati mtaa mzima una vijana na maksai.

Naomba tusiishie kanisani tarehe 25. Mwenye plau amlimie jirani aliyefiwa, mwenye mbegu ya ziada agawe, na tufanye hivyo mapema, maana mvua zetu ni za msimu mmoja tu na mtama uliochelewa haukomai.

Mungu aibariki Dodoma, atupe mvua za kutosha na amani, awafariji wote waliofiwa. Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Amina.