Nilimdanganya mwanangu kuhusu pesa ya mtihani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge na nguo za mitumba hapa Malaba, upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Nimesita wiki mbili kukuandikia kwa sababu jambo lenyewe lilianza na mimi.

Kifungua mimba wangu yuko darasa la saba, na Novemba atafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwezi wa sita tuliitwa shuleni wazazi wa darasa hilo. Tulipomaliza habari za ada na chakula cha mchana, mwalimu mmoja akatuomba tubaki kidogo. Akasema kila mzazi atoe shilingi 20,000 za maandalizi. Maandalizi gani, hakusema, wala hakuna aliyeuliza. Tukatazamana tu. Nilijua, Shangazi, na wenzangu walijua. Nikafungua fundo la leso nikaweka noti mezani, maana nilishaanza kumwona mwanangu akikosa divisheni ya kwanza huku watoto wa majirani wakienda sekondari nzuri.

Ukaja mtihani wa majaribio. Siku ya Maarifa ya Jamii mwalimu yule aliingia na majibu akaanza kuyasoma polepole. Mtihani ule, kama ujuavyo, una maswali ya dini ndani yake, mtoto huchagua ya Kikristo au ya Kiislamu. Moja liliuliza kwa nini Mkristo asiseme uongo. Na hilo nalo likasomewa jibu, darasa zima likaandika! Mwanangu aliinama akaandika anayoyajua mwenyewe. Karatasi yake ninayo. Kwenye swali la mito ameandika jibu, akalikata mistari miwili, akapaacha wazi. Nilipomuuliza kwa nini alikata, akasema alikuwa ameshasikia la mwalimu, hakuwa na hakika tena kama lile lilikuwa lake.

Yeye huwa katika watano wa kwanza. Safari hii amekuwa wa thelathini na nane. Mwalimu akamsimamisha mbele ya wenzake akamwita pasta, na jina limemganda. Kwenye mpira hawampi nafasi tena.

Baba yake ni dereva wa lori, wiki nzima yuko kati ya Mombasa na Kampala. Kwenye simu alisema kijana aache ukaidi, mtihani huu ndio utakaoamua anakwenda shule gani. Simlaumu sana. Mtu anayelala barabarani ili watoto wasome ana haki ya kuogopa.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hiki. Jioni moja mwanangu alikuwa akipiga viatu rangi mlangoni, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mama, ile pesa ya mkutano ilikuwa ya nini?" Nikamwambia ya chaki. Akanyamaza, akaendelea na brashi kwenye kiatu kilekile ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Kumhamisha nimeshachelewa, amesajiliwa kwa mtihani katika shule hiyo. Nikipeleka habari juu, nahofia matokeo ya Novemba yatazuiwa, maana UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huzuia matokeo linaposhuku udanganyifu, na wangu ambaye hakuiba ataumia pamoja na waliopewa majibu. Isitoshe, mama zao ndio nakaa nao sokoni, ndio walionichangia nilipofiwa. Najua wasimamizi wa PLE hutoka shule nyingine, ila pesa ilichangwa kwa sababu, na sijui mwalimu yule amepanga nini.

Kwetu mambo mazito mtu huyapeleka kwa ssenga, yaani shangazi. Wangu alishatangulia mbele ya haki, ndiyo maana nakuja kwako. Nianzie wapi? Nimwambie mwanangu kwamba nililipa, nikijua? Nahofia akishajua ataona amebaki peke yake hata nyumbani. Au niende kwanza kwa mwalimu mkuu nidai pesa yangu, peke yangu, bila kuwataja wazazi wengine? Na baba yake nimweleze vipi kwa simu, mtu akiwa kwenye usukani?

Muhula wa tatu unafunguliwa Septemba. Naomba jibu lako linifikie kabla hajarudi darasani.

Mama wa Malaba